Picha Walizotuondolea

Nilikuwa mwalimu wa kompyuta katika shule moja ya sekondari Nyamwamba, Kasese, magharibi mwa Uganda, wageni wawili walipokuja kutafuta mtu anayejua intaneti na anayejua watu. Ilikuwa miaka ile ambayo simu za kugusa kioo zilianza kuuzwa mpaka sokoni, zikipangwa kando ya betri za redio na viberiti. Mmoja wa wageni alikuwa mbunifu wa programu kutoka kaskazini mwa Ulaya, kijana mrefu, mpole, ambaye jua letu lilimbabua pua siku ya kwanza tu. Mwenzake alikuwa mratibu wa mradi, Mkenya anayeishi Kampala, mwanamke wa umri wangu. Kampuni yao ilikuwa imetengeneza kivinjari kipya cha simu, yaani ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Walitaka nikipeleke Bwera na Hamukungu wakati wa likizo, watu wakitumie, kisha niandike ripoti.

Nilikubali bila kusita. Baba yangu alitoka Kenya kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, mama yangu ni Mkonzo wa Munkunyu, na nyumbani tulilelewa kwa Kiswahili kwa sababu ndicho walichokutana nacho katikati. Nilijiona mtu hasa wa kazi hiyo. Isitoshe, nilikuwa nimechoka kufundisha kompyuta kwa kuchora kibodi ubaoni.

Tulikutana kwenye nyumba ya wageni walikofikia. Mbunifu aliweka simu mbili mezani, akafungua ukurasa uleule wa habari kwenye zote mbili. Simu yenye kivinjari cha kawaida ilizungusha kile kiduara chake, ikazungusha, ikazungusha. Ile yenye kivinjari chake ilifungua papo hapo. Nilipiga makofi, na sijutii, maana kazi ile ilikuwa ya ustadi. Alinieleza kwamba ukurasa hupitia kwanza kwenye mitambo yao huko kwao, unapunguzwa uzito, halafu ndipo unatumwa kwenye simu. Picha ndizo zilizopunguzwa zaidi. Nyingine zilitolewa kabisa, nyingine zikabanwa mpaka zikabaki kama kivuli.

"Watu wa huku wanahitaji taarifa," alisema. "Bei za mazao, hali ya hewa, afya. Picha ni mzigo tu."

Kuna kitu kilinichoma hapo, lakini niliendelea kutazama simu zake. Kwetu mgeni hakatizwi akiwa bado anaonyesha alicholeta.

Tulianzia Hamukungu, kijiji cha wavuvi kilicho ndani ya hifadhi ya wanyama, kando ya Ziwa George. Mtandao huko ulikuwa wa kubahatisha. Watu walijua ni upande gani wa kanisa ukisimama unaupata. Vijana walikipenda kivinjari kwa dhati. Walitaka matokeo ya mpira, na matokeo ya mpira ni maandishi. Yalikuja upesi, wakashangilia, wakataka tukiweke kwenye simu za wenzao. Niliandika hivyo kwenye ripoti, neno kwa neno, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Kwa akina mama wanaokausha samaki mambo yalikuwa tofauti. Mbunifu aliwauliza, nami nikawatafsiria, kama wamekipenda. Walijibu karibu kwa sauti moja, "Ni nzuri, ni nzuri sana." Aliandika, akaweka alama ya furaha. Alipokwenda kupiga picha mitumbwi, mama mmoja alinirudishia simu ya majaribio akachukua yake yenye kioo kilichopasuka.

"Mama, mbona unairudisha upesi hivi?" nilimuuliza.

"Mujukuu wangu ameweka picha ya ubatizo wa mutoto. Kwa hii yenu mutoto hana uso."

"Na mgeni umemwambia ni nzuri."

Alinitazama kama vile mimi ndiye niliyetoka Ulaya. "Madamu, mutu ametoka mbali na jua hili lote, tena amenisalimia vizuri. Nimwambie kitu yake ni mbaya?"

Jioni, tukirudi Kasese, nilimweleza mbunifu kwamba ile "nzuri" haikuwa ya kivinjari, ilikuwa yake yeye. Ilikuwa namna ya kusema karibu. Alifikiri kidogo, akasema kwa upole kwamba hawezi kuandika jambo ambalo watumiaji hawakulisema. Wao wana utaratibu: unauliza, unaandika ulichojibiwa. Nilimwambia kwetu pia tuna utaratibu: unauliza, unasikia ulichojibiwa, kisha unaangalia mtu anafanya nini na mikono yake. Alicheka. Hakuandika.

Bwera nilikwenda peke yangu. Pale mpakani nilimfahamu mama mmoja muuza vitenge, mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kuita watu hata akinong'ona. Mzigo wake ulitoka kwa mwuzaji wa jumla wa Butembo, upande wa Kongo, ambaye kila mzigo mpya ulipofika aliuweka kwenye ukurasa wake wa mtandao kwa picha. Mama alichagua kwa simu, vitambaa vikavushwa, naye akavipokea dukani. Nilikiweka kivinjari chetu kwenye simu yake, kikaanza kufungua kila kiungo alichogusa. Alifurahi sana kwa jinsi kilivyokimbia.

"Hii inakimbia kama mutu anafukuzwa na polisi," alisema.

Wiki hiyo umoja wa akina mama wa kanisa lake ulikuwa umemtuma awatafutie kitenge cha sare, kwa ajili ya sikukuu ya kanisa. Walitaka kitu cha heshima: majani, maua, rangi ya bluu. Mama aliingia kwenye ukurasa wa Butembo, akaona kitenge cha bluu chenye maua mekundu na majani meusi, akaagiza kwa ajili ya kikundi kizima.

Mzigo ulifunguliwa mbele ya akina mama wenyewe. Sikuwepo, lakini nilisimuliwa na watu wengi, kila mmoja akiongeza chumvi yake. Hayakuwa maua wala majani. Yalikuwa karata. Kopa nyekundu na shupaza nyeusi, zimepangwa kwa mafungu kama mkononi mwa mcheza kamari, kutoka pindo hadi pindo.

"Tuvae karata mbele ya altare?" mwenyekiti wao aliuliza.

Niliitwa. Nilipofika, mama wa vitenge alikuwa amekaa juu ya mzigo wake, mikono magotini.

"Madamu, telefone imenidanganya," alisema. "Na aliyeiweka ni wewe."

Nilichukua simu yake nikafungua picha ileile kwa kivinjari cha kawaida. Ilichelewa, tukangoja, mteja mmoja akaja akaondoka. Ilipotokea, karata zilikuwa wazi hata kwa asiye na miwani. Nikaifungua kwa kivinjari chetu. Ikaja mara moja, bluu, na madoa ambayo mtu yeyote aliyetumwa kutafuta maua angeyaona maua. Nilitafuta kitufe cha kuzima ule ubanaji. Mimi ninayefundisha kompyuta nilikitafuta mpaka nikatoka jasho. Kilikuwa kimefichwa ndani ya mipangilio, chini ya neno lisilotaja picha hata kidogo.

Hasira iliyonishika pale haikuwa ya mtambo. Mitambo hukosea, na mama naye angeweza kumpigia simu mwuzaji amweleze mchoro. Iliniuma kwamba kuna mtu aliketi mahali penye mtandao wa kutosha, akaamua kwa niaba yetu kwamba macho yetu hayana kazi. Kisha akakificha kitufe.

Mwuzaji wa Butembo alikubali kubadilisha mzigo, ila hakuwa na bluu nyingine hadi baada ya sikukuu. Akina mama waliimba wakiwa na sare zao za zamani. Mama wa vitenge alikuwa amekata kipande cha zile karata kabla hajaurudisha mzigo, akashonewa gauni, akaja nalo kanisani siku hiyohiyo. Nilikuwepo. Alikaa mstari wa mbele, kopa kubwa nyekundu imemkaa begani. Mwenyekiti alimnong'oneza kitu, naye akajibu kwa ile sauti yake isiyojua kunong'ona: "Nimelipa mimi, ninavaa mimi." Mchungaji alitazama Biblia yake muda mrefu kuliko kawaida. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Baada ya sikukuu tulikutana tena Kasese, sisi watatu, kwenye nyumba ileile ya wageni. Mbunifu alikuwa na michoro ya rangi kwenye kompyuta yake, mistari inayopanda. Kivinjari kilikuwa chepesi kuliko walivyotarajia. Alitaka nisome ripoti yangu kwa sauti, na akasisitiza niwe mkweli kabisa. "Sisi tunapenda ukweli wa moja kwa moja," alisema.

Basi nikampa. Nilisoma habari za vijana wa mpira, kisha mtoto asiye na uso, kisha karata. Nikasema saa yenu ya kupimia kasi inasimama maandishi yanapofika, lakini mama hakufuata maandishi, kwa hiyo kwake ukurasa haujafunguka bado, na hautafunguka hata mkingoja mpaka kesho. Mnapima wepesi wa kitu ambacho hakukiomba. Nikasema kitufe kiwekwe mbele, kwa maneno ya wazi, "Picha zije nzima au zisije," na mwenye simu aamue kila mara anapotaka.

Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Niligundua kwamba wapendao ukweli wa moja kwa moja nao hupenda uwe na sukari kidogo.

"Chaguo nyingi huwachanganya watumiaji," alisema. "Hasa watumiaji wapya."

"Yule mama anachagua vitenge kila siku kwenye rundo linalofika dari. Kitufe kimoja kitamchanganya nini?"

"Data ni ghali kwao. Tunawasaidia kuokoa."

"Mke wako akinunua gauni mtandaoni, anaonyeshwa gauni au anasomewa rangi yake?"

"Sina mke," alisema, na kwa sekunde moja wote watatu tulikaribia kucheka.

Kisha akasema kilichonimaliza. Alisema kwamba wale wa Bwera wakiona picha hazifai, wanaweza kurudi kwenye kivinjari cha kawaida. Mradi haukuwakusudia wafanyabiashara, uliwakusudia maskini. Nilimuuliza maskini ni nani, basi, kama si mama anayekausha samaki Hamukungu anayetaka kuona kitoto chao kikibatizwa. Au maskini haruhusiwi kutamani sura?

Tulipotoka nje kupunga hewa, mratibu alinivuta pembeni. Mbele ya mbunifu alizungumza Kiingereza. Na mimi alizungumza Kiswahili cha nyumbani kwa baba yangu.

"Dada, naomba nikueleze kama mtu wetu. Kuna awamu ya pili. Wakiipenda ripoti hii, kazi ni yako. Geuza maneno kidogo tu. Badala ya kusema picha zimeharibika, sema kuna nafasi ya kuboresha."

"Na karata?"

"Karata ziache. Zitawafanya wakubwa wa kampuni waonekane wajinga."

"Wewe mwenyewe unakitumia kivinjari hiki?"

Aliangalia simu yake, akaangalia barabara. "Mimi nina watoto, dada. Napenda kuona picha zao."

Sikumchukia kwa jibu hilo. Alikuwa mkweli kuliko sote siku ile. Lakini ripoti sikuigeuza. Niliituma ilivyo, na chini yake nikaambatisha picha ya mama wa vitenge akiwa na gauni la karata, kwa ruhusa yake. Alikuwa ameniambia, "Watumie. Wanione nzima."

Awamu ya pili walipewa watu wengine, mji mwingine. Nilirudi ubaoni na kibodi yangu ya chaki. Kivinjari kilikaa kwenye simu kadhaa za Hamukungu, kisha siku moja kikaacha kufungua chochote, na hakuna aliyekuja kueleza kwa nini. Vijana walirudia njia yao ya zamani ya kupata matokeo ya mpira: kumpigia ndugu aliye mjini. Hilo liliniuma pia, kwa sababu wao kiliwafaa, na walistahili kuambiwa kingekuwepo muda gani.

Darasani niliongeza somo ambalo halimo kwenye mtaala. Wanafunzi hufungua ukurasa mmoja kwa vivinjari viwili, kisha nawauliza kipi ni chepesi. Wote hujibu upesi. Halafu nawaambia wamwulize jirani yao alikuwa anatafuta nini humo, na ndipo kelele huanza. Mkuu wa shule aliwahi kusimama mlangoni akauliza hiyo ni kompyuta au ni siasa. Nilimwambia akae, na alikaa mpaka kengele ikalia.

Mratibu alinipigia simu mwaka uliofuata. Alikuwa amehamia kampuni nyingine, yenye programu nyingine, tena kwa ajili ya "watu wa huku". Walinihitaji kwa jaribio dogo.

"Nitakuja," nilimwambia. "Lakini hao waliotengeneza waiweke kwanza kwenye simu zao wenyewe, mwezi mzima. Wasomee humo habari za nyumbani kwao, watazame humo harusi za ndugu zao. Wakiivumilia, waje nayo Bwera."

Alicheka upande ule wa pili. "Dada, hawatakubali."

"Basi hata sisi hatutakubali," nikasema, nikamuuliza watoto hawajambo.