Choo cha Fredy Chenye Magurudumu

Shemeji yangu Fredy alianza kuchagua choo wakati wa Kwaresima, akamaliza mvua za vuli zikiwa zimeshaanza kunyesha. Najua kwa sababu alikichagua mbele ya macho yetu, kwenye kundi la WhatsApp la familia. Kundi lile alilianzisha yeye, msimamizi ni yeye, na anayeongea ni yeye. Sisi wengine kazi yetu ni kuitikia amina.

Fredy ni kitinda mimba wa mama mkwe wangu, Mama Hilda, hapa Kibosho. Anaishi Dar es Salaam, anatoa mizigo ya watu bandarini, ana kitambi na ana maoni. Ukimuuliza habari za asubuhi atakueleza habari za dunia nzima. Mimi ni Mektrida, mke wa kaka yake Sirili. Kihamba chetu, yaani shamba la migomba lenye nyumba ndani yake, na cha mama vinapakana, na kinachotutenganisha ni mstari wa masale tu, yale majani marefu ya kijani tunayopanda mipakani.

Kwa asiyejua mila zetu sisi Wachagga, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayerithi nyumba ya wazazi. Kwa hiyo nyumba anayokaa mama, na ua wake, na migomba inayoizunguka, yote ni ya Fredy. Mama anakaa humo kama mgeni wa mwanawe, ingawa mawe ya msingi aliyasomba yeye kichwani akiwa na mimba.

Sasa mama ana magoti mabovu. Choo chake ni shimo lililoko chini kabisa, ukishapita zizi la ng'ombe, na ni cha kuchuchumaa juu ya mbao. Mtu mwenye magoti yale akichuchumaa, kuinuka ni kazi nyingine. Kitu kimoja tu alichotuomba ni choo cha kukalia, karibu na mlango wa jikoni. Sirili akanunua matofali. Siku tuliyotaka kuchimba, Fredy akapiga simu.

"Kaka, pale msiguse. Kwenye ramani yangu pale ni sebule."

"Mdogo wangu, mama anaumia," Sirili akamwambia.

"Sasa choo cha nini, kaka? Ile nyumba tutaibomoa tu. Si unaelewa, siku Mungu akipenda."

Simu ilikuwa kwenye spika. Mama alikuwa amekaa hapo hapo anamenya ndizi za mtori. Alimaliza ndizi aliyoishika, akachukua nyingine. Mimi nilitamani kuingia ndani ya ile simu nimkamate mtu shingo.

Mume wangu ana ugonjwa mmoja, anaheshimu mila kuliko mila zinavyomheshimu yeye. Hakuchimba. Alichukua kiti cha plastiki, akakikata tundu katikati kwa msumeno, akakiweka juu ya shimo kule bondeni. Hicho ndicho kilikuwa choo cha kukalia cha mama yake Fredy wa bandarini. Mbao zikilowa mguu mmoja unateleza, na mama hurudi nyumbani akishika mgomba huu, kisha ule. Matofali yalibaki nyuma ya nyumba yetu, yakaota ukungu.

Ndipo likaja karavani. Fredy alilipata huko huko bandarini, kijumba cha kulala chenye magurudumu, cha kuvutwa na gari. Mwenye nalo alilitelekeza. Fredy akasema atalikodisha kwa watalii, lakini kwanza atakuja nalo Krismasi, kwa sababu watoto wake hawawezi choo cha bibi. Aliandika hivyo hivyo, kwenye kundi, bila haya. Kwa hiyo karavani likahitaji choo, na sisi tukahitaji kuelimishwa.

Akatufundisha kwamba vyoo vya karavani viko vya namna nyingi. Kuna ndoo yenye mfuko ndani, hiyo akaikataa, yeye si mwanafunzi wa bweni. Kuna choo kikavu kinachotenga haja ndogo na kubwa, unamwagia majivu au maranda ya mbao, na baadaye unapata mbolea. Hicho alikikataa kwa ujumbe wa sauti mrefu kama mahubiri, kwamba hakusoma ili aje kukusanya samadi yake mwenyewe. Sisi tuliokuwa tunasikiliza ni wafugaji na samadi ndiyo inayotulisha. Kuna chenye tangi kubwa chini ya sakafu. Hicho alikipenda mno, akakisifia wiki nzima, mpaka fundi alipomwambia kwamba tangi likijaa lazima gari la maji taka lifike kulinyonya. Barabara yetu hata bodaboda huipanda kwa sala.

Mwishowe akapata. Choo cha kaseti! Kiti cheupe, maji ya kubonyeza, na chini yake sanduku la plastiki linalochomolewa kwa kimlango cha nje. Ndani ya sanduku unatia dawa ya buluu ya kuua harufu. Kilitoka Ulaya kwa meli. Alituma picha kila upande kama anayeuza kiwanja, akaandika, "Hatimaye."

Nilimwonyesha mama picha ile kwenye simu yangu. Akaitazama kwa muda.

"Kina mahali pa kushika?" aliuliza.

Hakikuwa napo. Nikaandika kwenye kundi: "Shemeji, hongera kwa choo. Na cha mama?" Akanijibu kwa kidole gumba.

Walifika wiki ya Krismasi, wakati Wachagga wote wanakumbuka kwao. Karavani lilipandishwa na trekta ya jirani, wanaume wakisukuma nyuma na kutupia magome ya migomba chini ya matairi yasiteleze. Ili lipite uani Fredy aliamuru migomba ya mama ikatwe, na mmoja ulikuwa na mkungu haujakomaa. Na mnajua alilisimamisha wapi? Pembeni mwa mlango wa jikoni, pale pale palipokatazwa kuguswa. Sebule ilikuwa imehama kwenye ramani.

Tukaitwa kutazama, viatu tukaviacha nje. Mama alipandishwa kwa kushikwa mikono huku na huku. Akafika kwenye kile choo, akakaa juu ya mfuniko wake na gauni lake la kanisani. Magoti yalikunjika kidogo tu, yakatulia. Nilimwona uso, ulikuwa uso wa mtu aliyetua mzigo.

"Hiki ndicho," alisema taratibu.

Fredy akacheka. "Mama, hiki si cha kila mtu. Sanduku lenyewe dogo, likijaa ni usumbufu. Wewe si una kile chako?"

Mama akanyoosha mikono ashikwe, akashuka. "Aika, mwanangu," alimwambia. Alimshukuru. Mimi nilitoka nje nikaenda kuwakatia ng'ombe majani, maana ningebaki ningesema.

Basi Krismasi ikaliwa. Watoto wa Dar walikula mtori, wakala nyama, wakanywa maziwa mabichi waliyokatazwa. Kesho yake taa nyekundu ikawaka kwenye choo cha Ulaya, sanduku limejaa. Na hapo ndipo msomi wetu alipogundua kwamba alisoma kila kitu isipokuwa ukurasa wa mwisho. Kitabu cha maelekezo kilisema sanduku likamwagwe kwenye kituo chake maalumu. Kibosho tuna parokia, tuna shule, tuna mnada. Kituo cha kumwagia masanduku hatuna. Mahali pa kumwagia palikuwa pamoja tu, kule bondeni, kwa mama.

Zamani wanaume wa huku waliwaambia wake zao kwamba mwanamume aliyepitia jando haendi tena haja kubwa, amezibwa. Bibi zetu walijifanya wameamini, na babu zetu wakawa wanajificha migombani. Nilimkumbuka babu yangu nilipomwona Fredy anashuka kihambani na sanduku lake, amelifunika kitenge cha mkewe, anatembea kama mwizi wa kuku. Akakutana uso kwa uso na Mzee Filemon, baba yake mdogo, anakuja kutusalimu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Betri, baba. Betri ya karavani."

"Mbona inacheza maji?"

Fredy akapita. Mzee akasimama akimtazama kwa nyuma, akatikisa kichwa. Mimi nilikuwa zizini, na ninakiri nilifurahi kupita kiasi.

Furaha yangu haikufika mbali. Fredy alipofika chooni akakuta gunia la mlangoni limeteremshwa. Mama alikuwa ndani.

"Subiri, mwanangu," alisema. "Mimi huchukua muda."

Akasubiri, sanduku mkononi. Nikasikia nilichozoea kukisikia, naye akakisikia kwa mara ya kwanza. Kiti kikakwaruza mbao, kikateleza. Mama akaguna. Akajaribu tena, akamwita Bikira Maria, akajaribu tena. Fredy akasogea hatua moja, akasimama, kwa sababu mwanamume hawezi kumwingilia mama yake chooni. Nikatupa panga nikakimbia mimi. Nilimkuta amepiga goti moja kwenye mbao zilizolowa, ameshika ukuta. Nikamwinua.

Alipotoka viganja vyake vilikuwa na matope. Akamtazama mwanawe, akalitazama sanduku.

"Ingia," alisema. "Kitoe kiti kwanza. Ukimaliza ukirudishe."

Mchana ule ukoo ulikuwa umekaa uani, mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka, mbuzi amegawanywa kila mtu na sehemu yake. Mama akanyanyuka akaenda mpakani. Akachuma jani la isale, akalifunga fundo. Watu wakaanza kunyamaza mmoja mmoja, maana kwetu jani hilo halichezewi. Aliyekosa ndiye analipeleka kwa aliyekosewa, na ukiletewa isale hukatai, hata kama mtu amekuulia ng'ombe. Unasema nimekusamehe, na mambo yanaisha.

Akaja polepole mpaka mbele ya Fredy. Akampa kwa mikono miwili.

Fredy alicheka, lakini hakukuwa na sauti. "Mama, kwani umenikosea nini?"

"Nimekuchelewesha, mwanangu," alisema mama. "Ramani unayo siku nyingi, sebule unayo. Mimi bado nipo. Nisamehe. Nitaondoka, siku Mungu akipenda."

Mzee Filemon akaiweka kata ya mbege chini. Sirili akainamisha kichwa kati ya magoti. Fredy alisimama na jani mkononi, na hapakuwa na mlango wa kutokea. Akikataa, amekataa isale mbele ya ukoo. Akisema nimekusamehe, amekubali kwamba mama yake ana kosa, na kosa lenyewe ni kuwa hai. Midomo ilimcheza. Hakikutoka kitu. Yule aliyetuhutubia tangu Kwaresima.

Mkewe na watoto walirudi Dar. Yeye amebaki. Kwanza alitaka kukifungua kile choo cheupe akifunge ndani kwa mama, mama akakataa. "Hicho cha betri kaa nacho," alimwambia. "Mimi nataka cha kukalia, chenye mahali pa kushika." Karavani likasogezwa kwetu, sasa kuku wanalala chini yake. Sirili amepangusa matofali yake. Fredy anachimba pembeni mwa mlango wa jikoni, mikono imemtoka malengelenge, na kwenye kundi kuna shangazi mmoja amemwandikia kwamba yeye ni mtoto wa mfano. Sikuweka kidole gumba. Mtu hasifiwi kwa kumchimbia choo mama yake, na ningekuwa mimi ningeyaficha yale malengelenge.

Kila asubuhi mama anajikongoja mpaka ukingoni mwa shimo, anawekewa stuli, anakaa anamtazama. Shimo limeshamfika Fredy kifuani. Mama anamwacha achimbe mpaka apumzike kupangusa jasho, ndipo anamuuliza, kwa upole ule ule, kila siku.

"Fredy, mwanangu. Lile jani langu hujanijibu."

Fredy anaokota sururu, anaendelea kuchimba.