Mshona Magodoro Aliyeacha Maneno

Mshona magodoro waliyembandika jina la Chiriku alikuwa na sauti ya kumliza hata mkavu wa macho. Mchana alishindilia pamba. Jioni aliimba ukumbini, mjomba wake akimpigia gitaa la besi. Nyimbo zilikuwa za bibi yake, za kubembelezea watoto, ila yeye alizivuta polepole, akazipinda kwa mtindo wa jazi, na katikati akaacha maneno yajitunge yenyewe.

Balaa liliingia hapo. Siku moja mazoezini yalimtoka haya: "Chungu ki motoni, mwanangu, kaepue. Narudi sasa hivi."

Mama mfagizi wa ukumbi akaangusha ufagio. "Nani kakwambia hayo?"

"Sijui, shangazi. Yamekuja tu."

"Ndiyo maneno ya mwisho ya marehemu mama. Alitoka, hakurudi. Jikoni tulikuwa wawili tu."

Habari haina miguu, lakini hufika. Wafiwa wakajaa viti vya mbele wakingoja maneno ya marehemu wao. Waliopata waliondoka kabla wimbo haujaisha. Mjomba alitania, "Siku hizi tunatumbuiza maiti, na maiti hawapigi makofi." Alicheka peke yake.

Kisha jioni moja Chiriku akasikia kinywa chake kikiimba: "Mwanangu, chai yako nimeifunika. Usiniamshe."

Besi ikanyamaza. Mjomba angeijua sauti ya dada yake hata usingizini. Ilikuwa ya mama yake Chiriku, na walikuwa wamemwacha nyumbani buheri wa afya.

Wakatoka mbio, viatu mkononi. Walimkuta kitini, macho wazi, kando yake kikombe kilichofunikwa kisahani.

"Mama!"

"Kelele za nini? Mimi mzima." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nani alikuwa hapa dirishani akiimba kwa sauti yangu? Nilikuwa nasinzia. Nikaogopa kulala."

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, ila dirisha lile alilipigilia misumari. Chiriku naye hakuacha kuimba, aliacha maneno. Alivuta "mmm" na "aaa" tu, na wageni wakasifu kwamba huo ndio ufundi mpya. Mjomba hakubishana nao. Alipiga besi akiwa ameelekea ukutani, kwa sababu mara nyingine mpwa wake alikuwa akinywa maji, na sauti ikiendelea.