Jua la Februari na Miche ya Mnavu

Niliondoka Bordesley Green, hapa Birmingham, asubuhi kwa sababu nilikuwa nimeua miche ya mnavu ya binti yangu Nafula, na nilitaka kupata mingine kabla hajarudi kutoka zamu yake ya uuguzi. Mbegu zilikuwa za mwisho alizoachiwa na marehemu mama yake. Aliziotesha dirishani, katika vikombe vya mtindi.

Kosa lilikuwa langu. Jua la Februari liliwaka siku mbili, watu wakatoka na fulana, nami nikaamua kwamba baridi imekwisha. Kwetu Bungoma udongo ukipata joto namna ile hukai ndani. Nilichimba nyuma ya nyumba, nikahamisha miche yote bila kumuuliza. Usiku huohuo barafu ikashuka. Kulipokucha miche ilikuwa imelala chini, myeusi kama mboga iliyoungua.

Ndani ya basi la mjini sikutulia. Jua lilikuwa limerudi, nami natoka jasho ndani ya koti. Nafula alikuwa amempa Mama Furaha, Mkongo wa kanisani kwake, miche michache. Sikumpigia simu, maana angemwambia Nafula. Nilikuwa naenda kuomba zawadi irudi, jambo ambalo mtu mzima halifanyi.

Mjini nilipanda treni, na kuanzia Aston ilipita nyuma ya bustani za watu. Kila nilipoona mtu na jembe nilijiuliza: na yeye je, kama ameshapanda nje?

Sutton Coldfield nilibisha hodi kwa Mama Furaha kabla sijapata pumzi.

"Papa Nafula, karibu. Kuko shida?"

"Ile miche, mama. Umeipanda nje?"

"Nje? Na iyi baridi?"

"Lakini jua..."

"Iyi jua inadanganyaka watu, papa. Miye mwaka ya kwanza ilinilia maharagi yote." Alinitazama, akaanza kucheka. "Aah. Weye ulipanda."

Nilikiri. Miche yake ilikuwa jikoni, mibichi, imesimama. Alifunga miwili katika gazeti.

"Nitairudisha vikombeni," nilisema. "Hatajua."

Alivuta lile furushi upande wake. "Kama ni ya kumuficha, sikupatie. Iyi ni ya mama yake."

Ndipo nikamwahidi kwamba nitamwambia Nafula ukweli, akaniachia furushi.

Wakati wa kurudi nilisimama njia nzima ingawa viti vilikuwepo. Nilipofika, Nafula alikuwa nyuma ya nyumba, bado na sare ya kazi, amechuchumaa penye udongo.

"Ni mimi," nilisema. "Niliona jua, sikukuuliza. Mama Furaha amenirudishia miwili."

Hakuinuka upesi. "Baba, mama alikuwa akikuambia ungoje, na ulikuwa unapanda tu."

"Ni kweli."

Aliichukua, akaigeuza majani taratibu, akaingia ndani. Nilimsikia akifungua bomba.

Nimelima maisha yangu yote, na nimekuja kujifunza Birmingham kwamba joto la siku mbili si ruhusa. Ruhusa hutoka kwa mwenye mbegu. Marehemu mke wangu sikuwahi kumwomba ruhusa hata moja.