Nyota ya Jioni Iliyokatika

Mimi ni mzee wa kanisa, na miaka mingi nimewafundisha wanaojiandaa kubatizwa kwamba ulimi ni moto. Jumamosi moja mwaka huu ulimi wangu mwenyewe uliniunguza.

Mkwe wangu, mume wa binti yangu, anafundisha fizikia katika shule ya upili. Tunaishi Konoin, katikati ya mashamba ya chai, lakini sisi ni watu wa kule ziwani. Kwetu mama mkwe na mkwe hawakaribiani. Hatupeani mikono, hatuongei ana kwa ana. Katika miaka kumi na moja ya ndoa yao, binti yangu ndiye aliyebeba maneno yetu, hata tukiwa hatua tano tu na sote tunasikia.

Jioni hiyo walikuwa wamenitembelea, na mvua ilikatika mapema. Jua lilipozama, mkwe alisimamisha darubini uani, akailenga nyota ya jioni. Katikati ya bomba na kioo cha kuchungulia alichomeka kichuma kifupi chenye kioo ndani, anachokiita Balo. Kazi yake ni kukifanya kitu kionekane kikubwa maradufu.

Shida ilikuwa desturi. Alikuwa akiilenga nyota, kisha anarudi nyuma hadi kwenye tangi la maji ili mimi nisogee. Na dunia haingoji, inazunguka. Balo ikikuza nyota, inakuza na mwendo wake, nayo inatoka kiooni upesi. Nilipofika na magoti yangu, niliona giza tupu.

"Mama, kimbia!" binti yangu alicheka.

"Nikimbie na magoti ya nani?"

"Mwambie Mama asishike bomba," mkwe alisema kutoka kwenye tangi.

"Mwambie sijalishika."

Mara ya nne niliwahi. Sikuona nyota. Niliona mwezi mwembamba, mweupe, umekatika kama ukucha.

Niligeuka nikamtazama mkwe usoni. "Huu ni mwezi! Umeweka picha kwenye hicho kichuma. Wewe ni mwongo!"

Binti yangu alishika mdomo. Hapo ndipo niliposikia nilichosema. Maneno yangu ya kwanza kabisa kwa mkwe wangu yalikuwa tusi, tena nyumbani kwangu. Kwetu mkwe aliyetukanwa hivyo anaweza kuondoka na asile tena kwako maisha yake yote. Chakula kilikuwa jikoni tayari.

Mkwe alikuja, akachomoa Balo, akampa mke wake, akarudi kwenye tangi. "Mwambie Mama atazame juu. Kuna mwezi?"

Nilitazama. Hapakuwa na mwezi. Palikuwa na nyota ya jioni peke yake, ile niliyosali chini yake tangu nikiwa msichana, nikiamini ni nukta ya mwanga. Binti yangu aliniwekea Balo mkononi. Niliiinua nikachungulia: kioo kitupu, na ng'ambo yake ukuta wa jikoni kwangu.

"Ni sayari, Mama, jua linaiangaza upande mmoja," binti yangu alisema taratibu. "Kama mwezi tu."

Niliirudisha Balo kwenye bomba kwa mkono wangu na kuinama. Giza. Nyota ilikuwa imeshapita, na aliyejua kuirudisha alikuwa amesimama kwenye tangi.

Sikumtuma mtu. "Mwanangu, nimekukosea. Nisamehe. Njoo uishike."

Alisita, kisha akaja, akasimama begani pangu, akalisukuma bomba polepole kuifuata nyota. "Sasa, Mama. Usiwe na haraka. Nimeishika."

Nilitazama mpaka machozi yakaziba kioo. Mungu wangu, miaka sitini na saba nimekuwa nikikushukuru kwa kitu nisichokijua.

Alikula kwangu jioni hiyo, yeye sebuleni, mimi jikoni. Alipotaka chumvi alimtuma mke wake. Niliitoa, binti yangu akaipeleka.