Nilijificha Nyuma ya Lori, Rafiki Yangu Akaitwa Mwizi

Jina langu sitalitaja, ingawa Lodwar wako watu watakaonijua hata hivyo. Potelea mbali. Nimenyamaza mpaka kifua kimekuwa kizito. Mimi ndiye niliyefanya mtu asiye na hatia aitwe mwizi wa petroli, na mtu huyo ndiye aliyekuwa rafiki yangu wa pekee Turkana nzima.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilitoka upande wa Kitale, kijana, nikapata udereva katika ofisi moja ya serikali. Gari lilikuwa moja, Land Rover ya petroli, na madereva tulikuwa wawili: mimi na Lokwang, mwenyeji. Yeye ndiye aliyenifundisha kuvuka mchanga wa mito mikavu bila kuzama. Tulipokezana safari za Kakuma, leo yeye, safari nyingine mimi.

Kisha mafuta yakaadimika nchi nzima. Petroli ikawa inafika Lodwar kwa mapipa, tena kwa kusuasua. Mkubwa wetu akachonga kijiti cha mgunga, akakitia alama kwa kisu. Tunaondoka tangi limejaa, na tukirudi tu anakitumbukiza ndani aone unyevu umefika wapi. Alikuwa hamwamini mtu, na ugonjwa huo akaniambukiza.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikumwambia yeyote. Nilikuwa mwoga. Nilikuwa nimesikia habari za ngoroko, wezi wa mifugo wenye bunduki, na kila kichaka nilikiona kina macho. Kwa hiyo wakati wa kurudi kutoka Kakuma nililisubiri lori moja la kubeba ngozi za mbuzi, refu, limefunikwa turubai. Likitoka, nami natoka. Nililibandika gari langu mgongoni mwake, karibu kabisa. Upepo wa kutoka ziwani, ule unaokupiga usoni njia nzima ukielekea Lodwar, haukunigusa, na vumbi nalo ulilipeperushia kando. Harufu ya zile ngozi ilinitoa machozi, lakini roho ilitulia.

Basi zamu zangu kijiti kikawa kinatoka kimelowa hadi juu. Zamu za Lokwang, unyevu uko chini. Mwanzo tukasema ni bahati. Ikawa kila mara.

Mkubwa akaniita ofisini. "Wewe unaendeshaje?"

"Kawaida, mkubwa. Mguu wangu mwepesi tu."

"Na unarudi peke yako?"

"Peke yangu."

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema nafuata lori, ningechekwa kwa uoga, yakaisha. Niliona haya. Na sifa ile ya mguu mwepesi, ndugu yangu, niliimeza mwenyewe nikaiamini! Sikujua kabisa kwamba lori lilikuwa linanikinga upepo na kunipunguzia mafuta. Nikawaza: gari ni lile lile, njia ni ile ile, mbona ya mwenzangu yanapungua? Hapa pana kitu.

Ukishamshuku mtu, hata akikohoa unaona ana lake jambo. Mikono ya Lokwang ilinuka petroli, nami nikaona ni ushahidi, wakati sote tulikuwa tunatoa grisi mikononi kwa petroli. Akinunua shuka mpya, najiuliza kaipata wapi. Akicheka na mwenye duka, nasema huyo ndiye mnunuzi wake.

Jumapili moja baada ya kanisa nikaenda kwake Kanamkemer, eti kumsalimia. "Ejok," nikamwambia kwa salamu ya kwao, naye akafurahi, akanitandikia ngozi nikae. Macho yangu yalikuwa kwenye debe lililokaa kivulini, na juu yake kipande cha mpira mwembamba, kama ule wa kunyonyea petroli kwenye tangi. Mkewe, mama Ekal, akachota kwenye debe lile akaniletea maji kwa kikombe cha bati. Nikayanusa kabla ya kunywa. Nilidhani sikuonekana. Yalikuwa maji matupu, lakini nikajiambia kwamba mwizi mwerevu haweki mali nyumbani.

Kesho yake nikaenda kwa mkubwa. Neno mwizi sikulitamka. Nilisema tu, "Mkubwa, nimeona mpira nyumbani kwake."

Lokwang akaitwa. "Hiyo mpira ya kunyonyesha mbuzi mdogo, ile mama yake nakufa," akasema. "Petroli mimi sikuchukua. Uliza huyu. Huyu najua mimi."

Wakanigeukia wote wawili. Nikatazama viatu vyangu. Akafutwa siku hiyo hiyo, akarudi kwao Kaaleng na mkewe na mtoto. Na dereva aliyefukuzwa kwa wizi wa mafuta, nani tena atampa usukani?

Nikabaki na gari peke yangu, nikiringa. Siku moja niko nyuma ya lori langu, ngamia wakakatiza barabara. Lori likafunga breki. Mimi mbele yangu sikuwa naona kitu ila turubai. Nililigonga kwa nyuma, rejeta ikapasuka, kifua kikagonga usukani. Dereva wa lori, mzee mmoja mwenye mzaha, akashuka taratibu akatazama ule mvuke.

"Ndiyo wewe kupe wangu? Kila mara uko mgongoni. Mimi napasua upepo, wewe unabana mafuta. Madereva wa barabara ya Mombasa hufanya hivyo kusudi, na wengi wamezikwa."

"Kwani upepo unakula mafuta, mzee?"

"Wewe ulidhani nani huyala?"

Niliogopa pale kuliko nilivyowahi kuwaogopa ngoroko.

Gari lilipotengenezwa, nikarudi kutoka Kakuma bila lori, upepo usoni, mguu wangu ule ule mwepesi. Mkubwa akatumbukiza kijiti. Kikatoka kimelowa palepale pa Lokwang. Akaniangalia kwa macho yale yale.

"Na wewe umeanza?"

Nikamweleza yote, lori, upepo, na uoga wangu. Nikamwomba amrudishe Lokwang. Akacheka. "Upepo unywe petroli? Kumbe mlikuwa mnaiba wote wawili." Nami nikafutwa. Jina la Lokwang halikusafishwa, ila langu lilichafuliwa likawa kama lake.

Nikaomba lifti hadi Kaaleng. Lokwang aliniona kwa mbali, akawageuza mbuzi wake upande mwingine. Nikamkuta mama Ekal, nikamwambia kila kitu huku nalia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, akatoka na kile kikombe cha bati, kimejaa maji, na maji kule hayapatikani hivi hivi.

"Nusa kwanza," akasema. "Pengine iko petroli."

Wewe dereva unayejibanza nyuma ya lori kuokoa mafuta, acha, hujui mbele kuna nini. Na wewe unayemshuku mwenzako, kabla hujafungua mdomo, sema kwanza ule ukweli wako unaouonea haya. Mimi hadi leo, nikipewa maji nyumbani kwa mtu, nabana pumzi nayanywa yote kwa mkupuo.