Sweta ya Mikono Mirefu

Jirani wa Doreen hupika chai, akaisahau, akaipasha moto tena. Hata kiangazi havui sweta. Kesho ataonana kwa mara ya kwanza na wakili wa watoto wenye mahitaji maalumu, ili bintiye Tamsin apate shule inayomfaa, naye ameambiwa aeleze siku mbaya za mtoto tu. Jikoni wanafanya mazoezi. Doreen ndiye wakili.

“Haya, mama, nieleze.”

“Anajigonga kichwa ukutani. Anauma.” Anavuta mkono wa sweta hadi vidoleni. “Lakini akisikia gari la takataka, anavyocheza!”

“Wee! Umeharibu tena.”

“Sasa nikamseme mwanangu kwa mgeni?”

Doreen anamkunjia mkono wa sweta taratibu mpaka kwenye kiwiko, anaziona alama za meno, mpya juu ya kuukuu.

“Basi usimseme, shoga yangu. Kesho vaa mikono mifupi.”