Shamba Nililolitupa

Mimi si mtu mwema, na sitaki msomaji ahangaike kunitafutia udhuru. Nilizaliwa Malangali, hapa hapa Sumbawanga, nikaenda mbali kusomea kompyuta, nikarudi na kichwa kikubwa. Mradi mmoja wa kupima mashamba ukaniajiri. Wapimaji walileta vipimo kutoka vijijini, mimi nikavigeuza kuwa ramani, na kwa ramani hiyo watu wakaandikiwa hati za kimila.

Mpimaji alizunguka shamba na kifaa cha mkononi. Kila kona kifaa kilishika namba tatu: mbili za mahali, ya tatu ya kimo, maana mradi ulitaka kuijua miteremko. Sharti lilikuwa moja. Hakuna kona inayopimwa mpaka jirani wa upande ule awe amesimama pale kwa miguu yake.

Katika kijiji kimoja upande wa Pito kulikuwa na bibi mjane. Jirani yake, mfugaji mhamiaji, alikuwa ameshusha ng'ombe bondeni, Kaoze. Mpimaji akafungua rekodi ya shamba, akaandika jina la bibi, akampiga picha, akaacha mpaka bila kona hata moja, akisubiri jirani apande kutoka bondeni. Alifanya sawasawa kabisa. Kwenye kompyuta hilo tunaliita umbo tupu. Lina mwenyewe, lina aina yake, linajua hata kwamba ni la vipimo vitatu. Nukta tu ndizo hazijaingia. Sahani isiyo na chakula bado ni sahani.

Hayo niliyajua vizuri, nisisingiziwe ujinga. Ila programu yangu ilitegemea maktaba ya ramani, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa na watu wengine, na maktaba ile ilikuwa na ubovu wake. Ili ijue umbo lina kimo au halina, ilichungulia kona ya kwanza. Isipoikuta kona, programu nzima ilikwama. Ilikwama asubuhi ya siku ya kubandika ramani ofisi ya kijiji, dereva akipiga honi nje.

Fundi mwenye adabu angeandika mistari michache ya kulibeba umbo tupu kama lilivyo, na vipimo vyake vitatu, mpaka kona zipatikane. Mimi niliandika mstari mmoja: kila kilicho tupu, tupa. Programu ikapita bila kelele. Nikajiona bingwa, nikapanda gari.

Kwenye ramani, shamba la bibi likawa peupe. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliikodolea macho ramani ile kuliko alivyowahi kuitazama misale ya kanisani. Akatangaza kwamba pale ni pori la ukoo, lipimwe kwa jina lake. Pori gani? Nilikuwa nimepita pale mwenyewe na kuziona ntumba, yale matuta ya mviringo tunayofukia majani ili yaoze yawe mbolea. Bibi alikuwa amezipiga kwa jembe lake, safu kwa safu.

Mkutano wa kijiji ukaitishwa. Bibi akasimama.

"Jina langu yule mpimaji aliliandika mbele yangu. Na picha akanipiga, nimevaa kitenge hiki hiki."

Mpimaji alikuwa kijiji kingine, basi mwenyekiti akanigeukia mimi. "Haya, mtaalamu. Rekodi iko au haiko?"

Nakala ya rekodi zote, kabla sijazichuja, ilikuwa kwenye kompyuta mapajani mwangu. Nilikuwa nimeifungua asubuhi ile ile: jina, picha, kitenge. Kusema iko kulikuwa ni kusema nani ameitupa, na bosi wangu alikuwa amekaa kiti cha pembeni yangu. Niliogopa. Nikabonyezabonyeza vitufe, nikakunja uso kama mtu anayetafuta kwa bidii.

"Bibi yangu, nimetafuta kote. Haiko."

"Si mmesikia?" shemeji akasema. "Mashine haina ndugu."

Jirani mfugaji aliporudi alisimama konani kama alivyoagizwa, akanyamaza. Mgeni hagombani na ukoo. Shamba likapimwa, kona zote, kimo na kila kitu. Shemeji akapata hati, na mvua zilipoanza akapanda mahindi juu ya ntumba za bibi. Yalistawi sana.

Ule mstari niliurekebisha wiki ile ile. Siku hizi umbo tupu linapita kwangu salama, kimo chake hakipotei, na wenzangu huja kuniuliza nilifanyaje. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imenifikisha kwenye cheo.

Baada ya mavuno bibi alikuja mjini kwa miguu, akaulizia ofisi yetu, akanikuta mlangoni. Nikasema shikamoo, nikidhani amejua. Akaitika marahaba, akafungua kanga, akatoa kifuko cha unga wa ulezi.

"Huu ndio wa mwisho wa shamba langu," akasema. "Kule kijijini wote waliniambia ninyamaze. Wewe peke yako ulinitafutia, mjukuu wangu. Nilikuona unavyohangaika."

Nikapokea kwa mikono miwili. Uji wake niliunywa wiki nzima, na ulikuwa mtamu.